Nyumba ya mwaka 2018 Madale, eneo "mita 1,750": nikague nini kabla ya kulipa?

Dawa_Sinza:

Habari za jioni wanajamvi. Naomba msaada, hasa kwa mnaoishi upande wa Madale, Goba na Mivumoni, na kwa wenye uelewa wa mambo ya ardhi.

Mimi na mume wangu tumepanga Sinza miaka mingi. Nina duka la dawa hapo hapo Sinza, yeye ni fundi wa majokofu na AC, kazi zake ni za kuzunguka mji mzima. Tuna watoto watatu. Mama yangu yuko Muheza, presha inamsumbua, na kila akija kliniki analala sebuleni kwa sababu chumba hakuna. Nataka kwake kuwe na chumba, na nje kuwe na udongo wa kulima mchicha na mihogo yake. Mama akikaa bila jembe mkononi anadhoofu, naliona kwa macho yangu.

Dalali ametupeleka Madale kwa ndani kidogo, bodaboda 1,500 kutoka barabara ya lami. Jamani, nimeipenda. Vyumba vinne, kimoja masta, jiko kubwa lenye stoo, bati la msauzi, tailizi nzima nzima, jipsamu haina doa. Imejengwa 2018. Nyuma kuna kota ya vyumba viwili, kisima kirefu chenye pampu, tangi la lita 5,000 juu ya mnara, banda la kuku la matofali, na miembe mitatu inayozaa. Ukuta wa tofali uko pande tatu, upande wa nyuma ni mabati. Baada ya mabati kuna uwanda, halafu hatua kama arobaini hivi mbele kuna korongo. Tulipokwenda lilikuwa kavu kabisa.

Mwenye nyumba anasema eneo lote ni mita za mraba 1,750 na ana hati ya miaka 99. Amenionyesha picha ya hati kwenye simu, ukurasa wa mbele. Amehamishiwa Dodoma kikazi, anataka kuuza kabla ya mwaka kuisha. Alianzia milioni 210, sasa yuko 185.

Sisi tuna milioni 110 mkononi (akiba pamoja na kiwanja chetu cha Kibaha tulichouza). Inayobaki tunataka kukopa benki kwa dhamana ya nyumba hiyo hiyo.

Mume wangu anataka nyumba nyingine iko Tabata, ya miaka ya tisini, mita 400 tu, maji ya DAWASA, stendi dakika tano kwa miguu, milioni 170. Anasema Madale nitafunga duka saa tatu usiku nifike nyumbani saa ngapi? Hoja yake ina uzito. Lakini Tabata ukifungua dirisha unagusa ukuta wa jirani, na mama atalima wapi?

Naomba mniambie: nikague nini kwenye nyumba hii? Na eneo kubwa hivi lina gharama gani ambazo mtu wa kupanga kama mimi sizijui?

---

Mzee_wa_Mivumoni:

Karibu sana dada. Mimi nipo Mivumoni tangu ule mradi wa viwanja 20,000 wa serikali, ulioanza mwaka 2002. Nilipata kiwanja cha ujazo mdogo, yaani kile kikubwa, nikajenga taratibu, wajukuu wanacheza mpira ndani ya geti na sina wasiwasi na gari. Kwa hiyo mimi ni mtu wa eneo kubwa, na nakuelewa kabisa kuhusu mama.

Gharama nakuambia wazi. Ya kwanza ni majani. Masika ikianza Machi, nyasi na magugu yanapanda hadi magotini kwa muda mfupi sana, na nyasi ndefu maana yake ni nyoka. Utamlipa kijana wa kufyeka kila mara, au ununue mashine. Ya pili ni taa na ulinzi. Mita 400 unaiona yote ukisimama mlangoni. Mita 1,750 yenye miti ina pembe usizoziona, na hapo umesema nyuma ni mabati. Mabati yanafunguliwa kwa nyundo na dakika mbili. Majirani tunachanga mlinzi wa mtaa, lakini kila mtu ana taa zake za nje na mbwa wake.

Ya tatu, maji. Onja hayo maji ya kisima, usiangalie tu yanavyotoka kwa nguvu. Huku visima vingi vina chumvi. Sabuni haitoi povu, hita za maji zinaoza, bomba linaota magamba meupe. Mama yako ana presha, hilo la chumvi muulize daktari wake kabla hajaanza kunywa. Mimi ya kisima ni ya kuogea, kufulia na kumwagilia, ya kunywa nanunua. Uliza pia kama bomba la DAWASA limefika mtaa ule au bado liko barabara kubwa.

Kuhusu usafiri mume wako ana haki. Barabara ya Goba, Madale hadi Wazo ni ya lami, hilo limetusaidia mno. Shida ni kipande cha kutoka lami hadi getini. Nenda siku ya mvua. Nenda saa tatu usiku, saa hiyo hiyo unayofunga duka, upande daladala hadi mwisho kisha bodaboda. Bei ya bodaboda usiku wa mvua sio 1,500.

Kodi ya majengo isikuogopeshe, inakatwa kwenye umeme wa LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Pango la ardhi ndilo linafuata ukubwa wa eneo. Mwambie muuzaji akupe risiti za miaka yote.

---

Mpima_Bikoni:

Dada, kazi yangu ni upimaji ardhi. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na kuna sehemu tatu zinanipa mashaka: umeona ukurasa wa mbele tu, "mita 1,750" umeambiwa kwa mdomo, na nyuma ni mabati wakati pande nyingine ni tofali.

Usizungumzie tailizi tena kwa sasa. Mwombe muuzaji nakala ya hati nzima. Ndani, mwishoni, kuna ramani ndogo ya kiwanja, yenye umbo la kiwanja, namba za mawe ya mipaka na ukubwa kwa mita za mraba. Huo ukubwa ndio anaouza. Ukuta haumpi mtu umiliki. Watu wengi pembezoni mwa Dar wanamiliki kiwanja kilichopimwa, halafu wananunua kipande cha nyuma au cha pembeni kwa mkataba wa serikali ya mtaa, wanazungusha ukuta mmoja, na kuanzia siku hiyo wanahesabu vyote kama kitu kimoja. Wanaouza hivyo wengi wala hawana nia mbaya, wameishi na hiyo hesabu mpaka wameiamini.

Ukishapata namba ya kiwanja, kitalu na namba ya hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Utajua jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna mtu ameweka zuio. Huo upekuzi ufanye wewe mwenyewe au wakili wako, karatasi ya kuletewa na dalali usiipokee. Kisha chukua mpima mwenye leseni aende na vifaa akafufue mipaka, akuonyeshe kila jiwe lilipo. Mwisho, nenda manispaa uangalie mchoro wa mipango miji wa eneo lile: hapo nyuma pameandikwa nini? Makazi? Eneo la wazi? Barabara?

Na hilo korongo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Muuzaji atakuambia hilo ni korongo tu, kavu mwaka mzima. Sisi wa Dar tuliona Desemba 2011 mabonde makavu yakageuka mito, watu wakahamishiwa Mabwepande, na mwishoni mwa 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zikabomolewa. Waulize ofisi ya maji ya Bonde la Wami/Ruvu wanalitambuaje korongo hilo. Hao hao ndio wanaotoa kibali cha kuchimba na kutumia kisima, kwa hiyo ulizia na kibali cha hicho kisima.

Jambo jingine: ameoa? Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi. Mke asaini mbele ya wakili, na uonane naye ana kwa ana.

---

Kanda_Mbili:

Mnamtisha dada wa watu. Nusu ya Dar imejengwa kwa mkataba wa serikali ya mtaa na watu wanaishi, wanasomesha, wanazeeka humo humo. Milioni 185 kwa eneo hilo na nyumba imekamilika ni bei nzuri. Ukisubiri upekuzi na mpima, mwenye pesa taslimu anapita nayo. Ardhi ya Madale haishuki.

---

Mpima_Bikoni:

@Kanda_Mbili ndugu yangu, kuishi kwa mkataba hakuna aliyekataza. Kuna taratibu za urasimishaji, yaani kupimiwa na kutambuliwa maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, na watu wengi wamepata hati zao kwa njia hiyo. Ninachosema ni kwamba mkataba una bei yake na hati ina bei yake, na dada anatozwa bei ya hati kwa eneo lote. Halafu yeye anakopa. Mthamini wa benki atathamini kilichomo ndani ya mawe ya mipaka tu. Kisima kikiwa nje ya mawe, kwa benki hicho kisima hakipo. Atafika katikati ya safari akiwa ameshatoa milioni 110, benki imwambie mkopo haufiki 75.

---

Fundi_Linta:

Naongezea upande wa jengo. Nimesimamia nyumba nyingi upande wa Goba na Madale, kule kuna miinuko na udongo unabadilika ndani ya kiwanja kimoja, mbele mchanga, nyuma mfinyanzi.

Nyumba ya 2018 imeshapitia masika kadhaa, kama ina tatizo limeshajitokeza. Uliza imepakwa rangi lini. Rangi mpya kwenye nyumba inayouzwa iangalie kwa tochi, usiku, ukiilaza tochi ukutani. Nyufa zilizozibwa zinaonekana kama mshipa. Zinazoanzia kona ya dirisha kushuka kwa mshazari ndizo za kuogopa, zile nyembamba za plasta hazina neno. Tembea nje uangalie mahali ukuta unapokutana na sakafu ya baraza. Kama pameachana kidole kiingie, jamvi (zege la sakafu) linazama.

Panda darini. Jipsamu isiyo na doa inaweza kuwa imebadilishwa mwezi uliopita. Darini hakuna anayepaka rangi, mbao zilizolowa utaziona zina weusi. Fungua chemba zote za maji machafu, uliza shimo liko wapi na lilinyonywa lini, na pima kwa hatua umbali wake na kisima. Naomba hilo usiliache, nimekuta mashimo yako hatua kumi tu kutoka kwenye kisima cha kunywa.

Na kwa nini nyuma ni mabati? Mtu aliyejenga pande tatu za ukuta wa tofali hashindwi kumalizia upande mmoja. Mara nyingi ni moja kati ya mambo mawili: udongo unatembea kuelekea bondeni na ukuta ulishaanguka, au alikatazwa. Tafuta mabaki ya msingi kwenye majani.

---

Dawa_Sinza:

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimerudi na majibu.

Muuzaji alitoa nakala ya hati bila ubishi, kwa kweli ni mtu muungwana. Ramani ya ndani inasema mita za mraba 966. Nikamuuliza za 1,750 ziko wapi, akasema "hizo nyingine nilinunua kwa mzee wa hapa, mkataba ninao". Mkataba upo kweli, una mhuri wa serikali ya mtaa, umeandikwa "hatua 28 kwa 28", jirani wa nyuma "korongo".

Jumamosi tulikwenda na mpima mwenye leseni. Mawe mawili ya mbele yalikuwa wazi, yamejengewa vizuri pembeni ya geti. Ya nyuma tuliyatafuta. Mume wangu alikuwa anakwangua ukoka kwa koleo kati ya jiko na banda la kuku, akagonga saruji. Ni kitofali kidogo cha zege kimezama ardhini, katikati kimetoka kichwa cha nondo, na juu yake namba imechorwa kwa ncha ya kitu wakati saruji ikiwa mbichi. Mpima alifuta udongo kwa kidole gumba, akasoma namba, akaniletea hati niilinganishe mwenyewe. Ilikuwa ni ile ile. Jiwe la pili lilikuwa chini ya ukuta wa pembeni.

Nikasimama pale kwenye jiwe nikaangalia. Nyumba kubwa yote iko ndani. Miembe miwili iko ndani. Kota, kisima, mnara wa tangi, banda la kuku na mwembe mmoja viko nje.

Kuhusu mabati, @Fundi_Linta, mabaki ya msingi yapo. Jirani akatuambia ukuta ulijengwa ukalala chini masika moja, haukurudiwa.

Maji nimeonja, ni ya chumvi chumvi. Shimo la maji machafu liko mbele, mbali na kisima. Darini mume wangu alipanda, mbao safi. Nyufa hatukuona isipokuwa moja kwenye kota.

Sasa nifanyeje? Moyo bado uko pale.

---

Mpima_Bikoni:

Umefanya kazi ambayo wanunuzi wengi hawaifanyi hadi wafikishane Baraza la Ardhi.

Angalia hesabu. Kutoka jiwe la nyuma hadi mabati ni mita kama 28, na kutoka mabati hadi korongo ulisema hatua arobaini za kutembea, tuseme mita 30. Jumla 58, karibu na zile mita 60 za sheria. Ninavyoona mimi, aliyepanga viwanja vile alisimamisha mpaka pale kwa makusudi ili kuacha hifadhi ya bonde. Kathibitishe kwenye mchoro manispaa. Ikiwa ndivyo, kipande cha nyuma hakitapata hati, hata kwa urasimishaji, hata ukimpata nani. Ikiwa mchoro unasema makazi, basi kuna njia ya kupima na kuunganisha viwanja, ila hiyo gharama na usumbufu avibebe muuzaji kabla hujalipa, au vitoke kwenye bei.

Kwa vyovyote vile, nunua nyumba iliyo kwenye mita 966. Hilo bado ni eneo kubwa dada, zaidi ya mara mbili ya Tabata. Cha nyuma kitumie kwa mazao, usijenge kitu. Mihogo ya mama hakuna atakayekuja kuibomoa, na mvua ikiibeba mnapanda tena.

Kodi: ya faida ya mauzo ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida, au kama hana kumbukumbu za gharama, asilimia 3 ya thamani. Ushuru wa stempu, asilimia 1, ni wako. Muandikiane nani analipa nini, maana bila TRA kumaliza, uhamisho hausogei. Na malipo yapite benki kwa awamu, ya mwisho itoke jina likishabadilika.

---

Mzee_wa_Mivumoni:

Hapo naunga mkono. Kisima chimba kipya ndani ya mawe mkishahamia, kwa kibali, au vuta DAWASA kama bomba liko karibu. Mimi nina mita 1,200 na robo yake sijawahi kuigusa.

---

Dawa_Sinza:

Mrejesho. Manispaa mchoro unaonyesha hifadhi ya bonde kuanzia kwenye yale mawe, kama alivyosema @Mpima_Bikoni. Afisa alituonyesha kwa kalamu. Upekuzi umetoka, jina ni la muuzaji, hakuna rehani wala zuio, anadaiwa pango la ardhi la miaka miwili.

Tulikaa naye, mkewe akiwepo, tukaweka hati, mkataba na majibu ya upekuzi mezani. Nilimwambia tunanunua mita 966 na nyumba iliyo juu yake, na ya nyuma hatuiwekei bei. Alinyamaza muda, mkewe ndiye aliyesema, "Hapo wana haki." Tumefika milioni 150. Deni la pango la ardhi na kodi ya faida ni vyake, stempu na wakili ni vyetu. Mthamini wa benki amekwenda wiki hii na mkopo tunaoutaka sasa ni wa milioni 40 tu.

Mume wangu amekubali kwa sharti moja: duka nifunge saa mbili badala ya saa tatu, na msichana ninayesaidiana naye afunge siku nne kwa wiki. Nimekubali. Tulijaribu safari ya usiku tukiwa wawili, mvua ilikuwepo, bodaboda alitaka 3,000.

@Mzee_wa_Mivumoni, naomba unielekeze kwa ujumbe wa faragha wachimbaji waliokuchimbia, na kina kilikuwa mita ngapi.